Swali la Katikati

Neno lenyewe lilikuwa dogo, neno la mtoto anayejifunza kusema: mama. Mzee alimwita bintiye hivyo tangu siku ya kwanza, kwa sababu alimpa jina la mama yake mzazi, na mwanamume aliyempa mwanawe jina la mama yake atalitamkaje hivi hivi kavukavu? Humwita mama. "Mama, niletee miwani." "Mama, hilo dirisha umelifunga?" Akiwa na miaka mitatu, kamasi zinamtiririka, ni mama, akiwa na shahada mbili na ukumbi mzima wa wanafunzi wanaomwogopa, bado ni mama. Wageni walicheka. Wenyewe hata hawakulisikia tena.

Sasa Mzee alikuwa ameanza kusahau. Si ule usahaulifu wa kutafuta miwani nawe umeivaa, huo tunao wote. Huu ulikuwa wa kuvaa shati juu ya shati, wa kumaliza kula kisha kulalamika kwamba nyumba hii siku hizi ina uchoyo. Jina la bintiye lile la kwenye cheti hakulitaja, lakini hilo halikumshtua mtu, maana hakuwahi kulitaja. Aliita mama, na mama akaitika. Mtego ulikuwa hapo hapo, na binti ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuona na wa mwisho kutaka kuusema: mzee huyu anapoita mama, anamwita nani? Anamwita mwanawe, au anamwita yule mwanamke aliyemzaa, ambaye alifariki kabla binti hajazaliwa?

Wengine wote pale nyumbani walikuwa na majina yao yasiyo na utata. Msaidizi aliyekaa na Mzee mchana alikuwa "dada." Muuza mboga alikuwa "bibie." Mama alikuwa mmoja tu, na huyo mmoja huenda walikuwa wawili.

Kaka mkubwa aliishi mji mwingine. Alikuwa mpima ardhi, na ndugu walikwisha kumbatiza Mpima, naye jina akalipenda. Mtu wa kamba na vigingi huyo. Hata akija kukusalimu lazima aukadirie ukuta wako na akwambie umepinda. Mke wake alikuwa muuguzi, mwanamke mpole, na nyumbani kwao palikuwa na chumba cha chini kisicho na ngazi, dirisha linalotazama bustani. Kila kitu kilikuwa tayari. Alichokosa ni mzee tu wa kumweka humo.

"Mimi sina ugomvi na wewe," alimwambia dada yake kwenye simu. "Maadamu Mzee anakujua, abaki kwake, mtu na mwanawe sitawatenganisha. Lakini siku akiwa hakujui, kwake wewe na muuguzi mtakuwa sawasawa, na bora muuguzi. Siku hiyo nakuja kumchukua, na usinibishie."

Hakubisha. Angebisha kwa lipi? Majuzi tu Mzee alikuwa ametoroka alfajiri, wakamkuta kwenye chuo alichostaafu zamani, amesimama mbele ya darasa tupu, amefura, anauliza hawa wanafunzi wamelala wapi. Binti alikubali masharti. Alijua kwamba ukimtoa Mzee kwenye ile nyumba, ambayo ukumbi wake aliutembea kwa kupapasa ukuta, unamtoa pia kwenye kile kidogo alichobakiwa nacho. Na tuseme ukweli, alikuwa anajihurumia mwenyewe pia. Hakuolewa, hakuzaa, hakuwa na mwingine wa kumwita baba wala wa kumwita mama. Hakutaka kuachwa.

Kilichomshikilia Mzee ni somo. Sebuleni palikuwa na ubao mweusi aliougongomea mwenyewe ukutani enzi za nguvu zake. Wanafunzi wa zamani walimwita Mzee Kipeuo, kwa sababu hakukubali mtu aandike moja nukta nne na takataka zake wakati kipeuo cha pili cha mbili kipo, kizima, kimekaa. "Kwa nini unaikata namba mkia? Imekukosea nini?" Binti alipokwenda kusomea fizikia ya chembe ndogo kabisa, akarudi na hesabu mpya, Mzee alikwisha kustaafu. Akaidaka kwa muda mfupi, na baada ya hapo akaanza kumfundisha yeye aliyemletea. Ndivyo alivyokuwa, hana aibu kabisa.

Hesabu aliyoipenda kuliko zote ilikuwa moja, na sasa ndiyo pekee iliyobaki. Kila asubuhi, kabla binti hajakwenda kazini, Mzee alishika chaki, naye binti akakaa kwenye kiti cha mbele ya ubao kama mwanafunzi.

Aliandika moja, na chini yake sufuri. Hiyo ndiyo hali ya kuanzia: kitu chetu kiko kwenye sufuri, hakika, hakuna mjadala. Namba ya juu ni fungu la sufuri, ya chini ni fungu la moja. Kisha alileta tendo, lile ambalo vitabu huliandika kwa herufi H, mraba wa namba nne, tatu za kuongeza na moja, ile ya pembeni chini, yenye alama ya kutoa. Akazidisha. Sasa juu kuna moja gawanya kwa kipeuo cha pili cha mbili, na chini vivyo hivyo. Kitu hakiko kwenye sufuri wala hakiko kwenye moja. Kina fungu huku na fungu kule, sawa kwa sawa. Halafu akalileta tendo lile lile mara ya pili. Hapo ndipo alipotabasamu, hata siku hizi. Kwa kufika kwenye sufuri kuna njia mbili, kila moja imebeba nusu, zinajumlishwa, zinakuwa moja kamili. Kwa kufika kwenye moja kuna njia mbili pia, lakini moja imekuja na nusu ya kuongeza na nyingine na nusu ya kutoa, zinauana, hakibaki kitu. Juu moja, chini sufuri. Kitu kimerudi nyumbani kama kilivyotoka.

"Umeelewa, mama?" angeuliza, akipangusa vidole kwenye suruali.

"Nimeelewa, baba."

Basi. Angekaa chini, akanywa chai, akawa mtu mtulivu mpaka adhuhuri.

Tatizo ni kwamba huyu Mzee alipokuwa mtoto, alikuwa akirudi shule anamkalisha mama yake, ambaye hakusoma hata siku moja, anamfundisha alichofundishwa. Aliwahadithia watoto wake mara nyingi, anacheka: mama anachambua mboga, yeye anachora namba kwenye vumbi kwa kijiti, kisha anamuuliza kama mwalimu, "Umeelewa, mama?" Kwa hiyo hata swali hilo halikuwa ushahidi. Yaliyosemwa kwa mmoja ndiyo yaliyosemwa kwa mwingine, neno kwa neno.

Mpima alikuja mwisho wa wiki moja, na mkewe, bila taarifa, maana mkaguzi hatoi taarifa. Akakuta somo limeanza. Dada yake alimwonyesha kidole mdomoni, naye Mpima akasimama mlangoni na begi lake mkononi. Mzee hakugeuka. Akazidisha tendo la kwanza, akazidisha la pili, akafika, akapangusa vidole, akamtazama binti yake usoni kwa upendo usio na kifani.

"Umeelewa, mama?"

Mpima aliweka begi chini. Akatoa leso, akasingizia vumbi la chaki.

"Anakujua," alisema walipokuwa jikoni. "Anakujua kabisa! Mimi nikishaona kwa macho yangu, nimeona. Wifi yako ni shahidi. Abaki, na simu za kukusumbua nimeacha."

Wifi alimkumbatia. Binti naye akacheka, akawaandalia chakula, akawasindikiza hadi kwenye gari. Alikuwa ameshinda. Ungedhani angelala usingizi mnono.

Hakulala. Kwa nini? Kwa sababu alikuwa na akili ya kazini kwake, ile isiyoridhika, na ilimwambia kwamba kaka yake hakuona kitu. Kaka yake alisikia neno lenye watu wawili ndani, akamchagua aliyemtaka. Na yeye alinyamaza akamwacha achague. Siku chache baadaye Mzee alimaliza somo, akauliza lile swali lake, akajibiwa, kisha akaongeza kwa sauti ndogo, "Viatu vyangu vimekauka? Nikichelewa leo mwalimu atanichapa." Binti alisema vimekauka. Akaenda bafuni, akafungua bomba, akalia.

Siku hiyo hiyo alikuwa na kipindi cha hesabu ile ile. Nilisema wanafunzi walimwogopa; ni kweli, lakini walimpenda pia, kwa vile hakufundisha kwa kusoma karatasi. Aliwaandikia matendo mawili, kitu kikarudi kwenye sufuri, wakafurahi. Kisha akafuta katikati.

"Sasa hapa, kati ya tendo la kwanza na la pili, mtu anaingia anakiuliza kitu: uko kwenye sufuri au kwenye moja? Anapima. Atapata jibu, nusu kwa nusu, kama kurusha sarafu. Tuseme kapata moja. Yale mafungu mawili hayapo tena; hali sasa ni sufuri juu, moja chini, basi. Ukikiuliza kitu tena hapo hapo kitakujibu moja, ukirudia kitakujibu moja, utachoka wewe. Sasa endelea na tendo la pili kama vile hakuna kilichotokea. Juu mnapata moja gawanya kwa kipeuo, chini hivyo hivyo na alama ya kutoa. Mkipima mwishoni ni nusu kwa nusu. Zile njia mbili zilizokuwa ziuane, njia moja haipo, kwa hiyo iliyobaki haina wa kuuana naye. Matendo ni yale yale, hayana kosa. Lakini nyumbani hamrudi."

Mwanafunzi wa kike wa mstari wa mbele, ambaye daima alikuwa na swali, akainua mkono. "Mwalimu, na kama aliyepima amekaa kimya? Jibu amelipata, hakumwambia mtu?"

"Haisaidii. Hata asipolisoma jibu lenyewe. Kupima kumeshafanyika, ukija kupima mwishoni utaona nusu na nusu ile ile. Ukimya wake haurudishi kitu."

Alifundisha hayo vizuri kabisa, na kesho yake asubuhi akaenda kufanya kinyume. Jamani, kujua ni kitu kimoja, na kuwa mtoto wa mtu ni kitu kingine.

Mzee alikuwa amekwisha kuzidisha mara moja. Kwenye ubao palikuwa na ile safu ya katikati, vipeuo viwili, kimoja juu na kimoja chini. Aliinua chaki aanze tendo la pili. Jua lilikuwa limeingia hadi kwenye miguu yake, na shati alikuwa amevaa moja tu siku hiyo, amelifunga vifungo sawasawa. Alionekana mzima. Labda ndicho kilichomponza binti. Alimwona baba yake kama zamani, akataka kuwa na uhakika kwamba yuko naye.

"Baba," alisema. "Unaponiita mama, unamwita nani?"

Chaki ilisimama hewani. Mzee aligeuka, na kwa mara ya kwanza tangu somo lile lianze kuwa la kila siku, akamtazama kama mtu anayetazamwa kwa mara ya kwanza.

"Namwita mama yangu," alisema.

"Na mimi?"

"Wewe?" Alitazama kiti, akatazama mlango, akarudi kwenye kiti. "Wewe sikujui, samahani. Mama alikuwa amekaa hapo ulipokaa. Amekwenda wapi?"

Angeweza kusema amekwenda sokoni. Angeweza kusema anakuja sasa hivi, endelea tu, baba. Lakini mwalimu akiona kosa ubaoni mkono humwasha, na binti huyu alikuwa mwalimu mtoto wa mwalimu, halafu alikuwa amechomwa kisu cha moyo. "Baba, mimi ni mwanao. Bibi alishafariki. Siku nyingi, hata sijazaliwa."

"Nani kafariki?"

"Bibi. Mama yako."

Mzee hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Aliweka chaki mahali pake, taratibu, kama mtu mwenye adabu ugenini, akakaa sakafuni chini ya ubao. "Mama amekufa?" aliuliza. "Amekufa, na mimi hamkunipeleka?" Kisha akalia, mzee wa mvi kichwa kizima, kilio cha mtoto aliyerudi shule akakuta nyumba imejaa watu. Binti alipiga magoti, akataka kumshika. Akasukumwa. "Niache, dada," alisema. "Niitie watu wa kwetu."

Dada. Alimwita dada, kama msaidizi.

Mtu anayesahau kama amekula, ungetarajia na hili atalisahau kufikia chakula cha mchana. Binti alitegemea hivyo, alikaa kando yake anasubiri lisahaulike. Lakini hilo moja likaganda. Mzee aliamka nalo, akalala nalo. Akiulizwa mbona hali, "Nimefiwa." Akiulizwa mbona hataki kuoga, "Nimefiwa na mama." Binti alijaribu kurudisha maji kwenye mtungi, akamwambia hapana, nilikosea, mama yuko sokoni, atarudi. Mzee alimtazama kwa huzuni. "Usinidanganye. Ni wewe uliyeniambia." Alijaribu tena siku ya pili, akajibiwa hivyo hivyo. Alimpeleka kwenye ubao, akamwekea chaki mkononi, safu ya katikati bado iko pale pale. Mzee alizidisha, ndiyo, mkono ulijua kazi yake, lakini alipomaliza hakuuliza kitu. Aliangalia kile kiti, akaona kuna mtu asiyemjua, akaweka chaki.

Lile neno halikusikika tena katika nyumba ile. Binti alijikuta akisimama ukumbini kumsikiliza kama ataliita hata usingizini, hata kwa makosa, hata kama si yeye anayeitwa. Ndiyo, alifika huko. Angekubali kuwa mama yake Mzee mpaka mwisho, angechambua mboga, angeanika viatu. Kumbe hilo lilikuwa mikononi mwake siku zote, nalo lilimtosha, hakujua tu kwamba lilimtosha.

Angeweza kumficha Mpima jambo hilo. Kaka alikwisha kusema Mzee abaki, hakuwa na haja ya kuja kukagua tena. Alifikiria hivyo kwa siku nzima, kisha akalikumbuka swali la yule mwanafunzi, na jibu alilompa bila hata kufikiri. Mzee alikuwa anakonda. Alikuwa anaomboleza peke yake kati ya watu asiowajua, na mmoja wao ni yeye. Akapiga simu.

"Hanijui," alisema.

"Lakini mimi niliona," alisema Mpima. "Nilimwona kwa macho yangu."

"Uliona kweli, kaka. Mimi ndiye niliyeuliza."

Hakumwelewa, na hakumlaumu. Alikuja na mkewe, asubuhi, gari safi. Wifi aliingia moja kwa moja chumbani kukunja nguo, hakutaka kumwangalia wifi yake machoni kwa sababu wangelia wote wawili. Binti alidhani patakuwa na vurugu, kwamba Mzee atashika fremu ya mlango, atakataa kuondoka. Alijiandaa kumbembeleza. Wapi! Mzee alikuwa amekwisha kuvaa koti lake jeusi, amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono juu ya magoti. Alipomwona Mpima aliinuka.

"Mmekuja," alisema. "Nilijua mtakuja kunichukua. Tusichelewe mazishi."

Mpima alifungua mdomo amsahihishe. Dada yake alimshika mkono kwa nguvu, akamtikisia kichwa. Mpima akafunga mdomo. "Hatutachelewa, Mzee," alisema.

Wakatoka. Binti alibeba begi, akaliweka kwenye gari, akamfungia Mzee mkanda kifuani, akamlazia kola ya koti vizuri. Mzee alimwacha afanye. Alimtazama mikono ikifanya kazi, akamtazama uso, macho yale yaliyovimba.

"Na wewe umelia sana," alisema. "Tangu jana nakuona. Umetuhudumia mno na wala si ndugu. Binti, wewe ni mtoto wa nani?"

Neno lilikuwa kwenye ulimi wake, herufi nne tu. Wako. Aliona jinsi litakavyoingia, jinsi uso ule utakavyoanza kutafuta, mtoto yupi, lini, na mama yuko wapi basi, na kilio kitakavyoanza upya barabarani, saa nzima, mbele ya mtu asiyejua pa kusimamisha gari.

"Wa hapo jirani, mzee," alisema.

Mzee aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Alimpapasa mkono kwa ule mkono wake mkavu wa chaki.

"Ukifika nyumbani, mwambie baba yako amelea."

"Nitamwambia," alisema, akafunga mlango wa gari.